Umeifuta Mikono Yetu

Mjukuu wangu, mume wangu Khamis,

Assalaamu alaykum. Huku Wawi sote wazima, na mama yako ameshaanza kuchuma karafuu.

Unaniuliza kwa nini wimbo wangu ulioutia ngoma za kompyuta haukunifurahisha. Umenichosha, baba. Eti umesafisha kelele. Hizo kelele ni sisi, tunachambua karafuu mkekani huku tunaimba.

Nilipokuwa msichana, bwana mmoja alikuja kuturikodi. Akataka kimya, akatukalisha vitini, mikono mapajani. Hakuna aliyekumbuka hata ubeti wa kwanza, mpaka tuliporudishwa mkekani kwenye karafuu zetu.

Ngoma zako ziache, zina raha yake. Lakini mikono yangu nirudishie.

Bibi yako,
Mwanaisha