Sura ya Sita Haitoki

Maabara ya Maji,
Ghorofa ya Pili, Chumba cha Kona.
Jumanne, 14 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mkaza mjomba naye, kikohozi kimemwachia? Sisi huku wazima. Mama bado anashona, na bado anagombana na cherehani.

Umeketi? Keti kwanza. Mjomba, tumepata! Nimeandika neno hilo, nikainuka, nikazunguka meza, ndipo nikarudi. Univumilie mwandiko.

Unaujua utafiti wetu wa visima vya karibu na kiwanda cha betri, miaka saba sasa. Mimi napima maji. Mwenzangu wa historia, tunayemwita Bwana Vumbi kwa kuwa habanduki kwenye makabrasha, anakusanya habari za waliokunywa maji yale kabla kiwanda hakijajengwa. Mwaka jana mfadhili alisoma rasimu, akatuomba kwa upole kabisa tuiondoe sura ya sita, ile inayosema madini ya risasi yamezidi na maji yasinywewe. Tukakataa, naye akaondoka na fedha zake. Mkuu wa kitivo akatupa hadi mwisho wa mwezi huu, kisha friji zizimwe na sampuli zote zimwagwe. Nilikuwa silali, nikiwawaza wenye visima wanaoendelea kunywa bila kujua.

Tukaomba kwenye mfuko mmoja mdogo wa watafiti. Sasa sikia kituko. Mimi na Bwana Vumbi hubishana kwa penseli pembeni mwa kurasa, na hapo hakuna adabu. Inayotumwa na maombi ni nakala safi ya rasimu. Mimi na haraka zangu nikatuma ile chafu! Kesho yake nikaikuta safi mezani, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Pembeni mwa sura ya sita yeye kaandika, “Kisima kimoja hakitoshi, unapiga ramli.” Mimi chini yake, “Kachote mwenyewe, au nyamaza.” Tena yeye, “Nimechota saba. Nisamehe.”

Jana simu ikalia. Mama mmoja wa kamati ya mfuko ule, sauti kavu.

“Wewe ndiye uliyemwambia mwenzio anyamaze?”

Nikasema ndiyo, samahani sana.

“Samahani ya nini? Katika maombi yote, ni nyinyi tu mliothubutu kupingana. Tunawapa fedha za miaka mitatu, na hakuna atakayewafutia hata mstari.”

Nilipiga ukelele, mfagizi akaja mbio na ufagio akidhani ni nyoka. Bwana Vumbi alilia, kisha akasingizia mafua.

Mjomba, unakumbuka ulipokuwa ukisahihisha madaftari ya wanafunzi wako, ukanipa kalamu nyekundu nikusahihishe wewe? Nilikuwa na miaka tisa. Mama alisema unaniharibu. Tangu jana naiwaza kalamu ile, na nakushukuru sana.

Sura ya sita nimeiweka humu (bahasha nimeikagua mara tatu). Mwezi ujao tunaipeleka nyumba kwa nyumba kwa wenye visima, kwa hiyo haifai iwe na kosa hata moja. Nimekuachia nafasi pana pembeni. Isome kwa ukali, usinihurumie.

Msalimie mkaza mjomba, Kaka Fundi, na kitinda mimba wenu asiyepokea simu. Mola awazidishie afya na awaweke hadi tuonane.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye bila kubishiwa,
Bi Kwa Nini

Kalamu nyekundu iliyo ndani ya bahasha ni yako.