Simu Yako Ni Muhimu Kwetu

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Paa bado linavuja, na mwanangu ameanza kuota meno. Nasikia duka lako la vigae limenoga tangu simu zenu zianze kupita kwenye intaneti: namba moja inaita matawi yote, na gharama zimeshuka. Hongera.

Ila ulinieleza mwenyewe kwamba umeme ukikatika simu zenu hunyamaza, na anayepiga hujibiwa na sauti yako iliyohifadhiwa mtandaoni: "Karibu. Simu yako ni muhimu kwetu. Tafadhali subiri."

Mama alipozidiwa aliomba nikupigie. Namba yako binafsi ulishaibadilisha bila kutuambia, nikapiga ya dukani. Umeme wa kwenu ulikuwa umekatika. Mama akaishika simu kwa mikono miwili.

"Ni mwanangu," akaniambia. "Anasema nisubiri."

Sikuwa na moyo wa kumwambia ni mashine. Akasubiri, akitabasamu kila uliporudia maneno yako, mpaka simu ikamponyoka.

Tumeshamzika. Majirani nimewaambia uliongea naye hadi pumzi ya mwisho, nao wanakusifu sana. Wewe nimekuambia ukweli, uishi nao.

Ni mimi,
Dada yako