Korko ya Bata wa Bibi

Kampong Som,
Jumanne, mwezi wa pili

Kwa Mama yangu mpenzi,

Umeshakula wali, Mama? Naomba barua hii ikukute umeshiba, goti limepungua kuuma, na mitungi ya prahok imejaa samaki wa kuchachusha mpaka shingoni. Sisi huku hatujambo. Mealea ameota jino la nne, na jua la baharini limemchoma akawa mweusi kama kitako cha chungu. Mkweo Vuthy anakusalimu sana. Jengo wanalolipaka rangi limebaki ghorofa mbili, kwa hiyo tutakaa naye mpaka wiki ijayo.

Nakuomba uisome mwenyewe, polepole, hata kama itakuchukua siku mbili. Usimpe Mjomba Yorn akusomee. Unamjua, kabla wewe hujafika mwisho, soko zima litakuwa limeshafika. Mwandiko unisamehe. Darasa la tano halikunifikisha mbali, na mjukuu wako ananivuta kalamu.

Sasa nikupe habari za kazi uliyonituma. Siku ile napanda basi ulinishika mkono ukaniambia nionje vyakula vya watu wa baharini, hasa korko, huo mchuzi wetu wa mboga na samaki, na nisipite kibanda chochote kinachoipika. Nilishangaa, maana miaka yote umesema watu wa pwani hawawezi korko kwa kuwa hawana samaki wa ziwa. Lakini nimetii, na kwa kweli, Mama, nimetii kwa raha.

Nilianza na kaa wa kukaangwa na vichala vya pilipili manga mbichi. Nilimla kwa kijiko, taratibu, kama mgeni wa harusi. Shangazi muuzaji alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia sisi wa ziwani tuna adabu za bure, kaa hana heshima na haliwi kwa heshima, nivunje kwa meno. Nikavunja. Zile pilipili hupasuka mdomoni moja moja, zinawasha halafu zinanukia kama majani yaliyonyeshewa. Nimekufungia vichala viwili.

Amok yao ya samaki huivukisha kwenye jani la mgomba kama yetu, ila wanatia nyama ya kaa ndani, na tui zito hata kijiko kinasimama. Niliuliza wametwanga mchaichai kiasi gani, na manjano je, na sukari ya mtende je. Mpishi akaniuliza kama mimi ni polisi au mkwe mpya anayetafuta kumpendeza mama mkwe. Nikamwambia nimetumwa na mama yangu. Akasema basi huyo mama yako aje mwenyewe, atakula bure, maswali ndiyo atalipia.

Korko nimekula vibanda vitatu. Cha kwanza wanatia uduvi uliosagwa badala ya prahok. Nilipouliza kwa nini, mama mwenye kibanda akasema prahok yetu sisi wa ziwani ikifunguliwa kule kwetu Kampong Chhnang, yeye huku anafunga madirisha. Watu wote mezani wakacheka, na mimi nikacheka, ila moyoni nilikutetea. Cha pili boga lilikuwa jingi mno, korko imekuwa uji wa mtoto. Mealea aliipenda, mimi sikumaliza.

Kibanda cha tatu kiko nyuma ya soko la samaki, asubuhi kunapojaa wachukuzi. Mpishi alikuwa amenipa mgongo, anakoroga, kitambaa amekifunga mpaka kwenye nyusi. Nikapewa bakuli. Nikapuliza, nikamwonjesha Mealea, halafu nikatia kijiko mdomoni mwangu. Papai bichi, bilinganya, samaki, prahok. Halafu, Mama, ikaja ladha ya mchele.

Ulikuwa mchele wa bata wa bibi. Ule bibi aliouacha kwenye kikaango akatoka kumfukuza bata, akarudi umeungua, na wageni wameshakaa, akausaga hivyohivyo akautia kwenye chungu, na wageni wakaomba kuongezewa. Tangu hapo sisi hukaanga mchele mpaka unuke kuungua, kisha tunahesabu mpaka kumi. Nyumba nyingine wangeumwaga.

Bila kuinua uso nikauliza mbona mchele wa korko hii ni mweusi. Naye bila kugeuka akanijibu kwamba lawama nimpe bata.

Kisha akageuka.

Najua ulisema atakayelitaja jina lake atajipikia mwenyewe. Basi nitajipikia. Ni dada Phally, Mama. Miaka sita, na bado anauma mdomo wa chini akikoroga. Alimchukua Mealea mikononi, akamnusa mashavu yote mawili, akalia ndani ya nywele zake, korko ikaungua chini na wachukuzi wakaanza kelele kwamba njaa haingoji machozi.

Hakuondoka na mwanamume, kama Mjomba Yorn alivyotangaza. Yuko peke yake. Anasema sinia za matunda ya posa zilikuwa zimeshapokelewa, tambuu imeshatafunwa, na katika siku zote zile hakuna aliyemuuliza kama anamtaka yule mwana wa mwenye boti. Na yeye hakuthubutu kusema. Anajua ulizirudisha zile sinia mwenyewe, kwa miguu, kijiji kizima kikikutazama. Aliponiambia hivyo hakuweza kuniangalia.

Na mimi nina langu. Ule mtungi mdogo wa prahok uliopotea, ukagombana na jirani yetu Bibi Nhor mpaka leo hampeani moto, yeye hakuuiba. Nilimpa dada mimi, alfajiri ile, kwenye ngazi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilimwona anaondoka, nikanyamaza. Nikirudi nitakwenda kwa Bibi Nhor nimpigie magoti. Wewe unipe adhabu utakayoona.

Lakini nakuuliza nawe. Dada anasema mwaka jana alikula hapo mchuuzi wa samaki anayepita kwetu, akaomba bakuli la pili, akaucheka mchele. Mama, ulijua? Ndiyo maana ulinituma nionje kila korko? Huna haja ya kunijibu hilo.

Nilimsihi aje nyumbani mwaka mpya, mwezi wa nne. Akasema kila anayepanda ngazi yetu, hata muuza mifagio, wewe humuuliza kama ameshakula wali. Akiulizwa na yeye, atakuja. Asipoulizwa, hatapanda.

Chini ya karatasi hii nimeandika swali lako, nimeacha nafasi ya jina. Andika hilo jina tu, ukate, umpe dereva wa basi la asubuhi. Anakijua kibanda.

Nisalimie bata, na Bibi Nhor ukiweza. Mealea anakunusa shavu kutoka huku. Ndani ya bahasha kuna kifurushi cha mchele uliokaangwa. Sikuukaanga mimi.

Mimi mwanao akupendaye,
Kolap

Umeshakula wali, ..............?