Lori la Kumpelekea Bahiya Kisiju

Temeke,
Dar es Salaam.
Jumanne, 14 Juni 1955

Kwa kaka yangu mpenzi Hashil,

Assalaam alaykum. Nakuamkia shikamoo nyingi, maana moja haimtoshi ndugu niliyemkosa mwaka wa pili sasa. U hali gani? Kifua kimepoa, au baridi ya Tabora bado yakusumbua asubuhi? Wifi yangu Thureya naye? Tulisikia alishikwa na homa, lakini aliyetuletea habari hakujua kama ameinuka. Sie huku hatujambo. Mama anakula, anaswali, na kila siku anagombana na kuku wa jirani, kwa hiyo jua ni mzima.

Niitangulize habari ya furaha. Bahiya, mdogo wake Hamoud mume wangu, ameolewa na Jamali wa Kisiju. Nikaha ilifungwa hapa Ijumaa iliyopita, na Ijumaa hii twampeleka kwa mumewe. Nyumba imejaa wanawake, hina mpaka kwenye vitasa vya milango.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini. Ni lile lori la Hamoud.

Wajua mie si wa kutoka, gereji sijaikanyaga maisha yangu. Lakini lori lile nalijua kwa sikio kuliko mwenyewe anavyolijua kwa macho. Tangu kabla ya Ramadhani, kila likikata kona ya msikiti kuingia kwetu, chini ya gurudumu la mbele la kushoto palikuwa pakilia ko, ko, ko. Nikamwambia. Akacheka, ati mke wangu siku hizi fundi wa magari. Nilikasirika, kaka, siku hiyo nikamwekea chakula kimepoa.

Juzi Jumapili fundi Jabiri wa Keko akaja mwenyewe. Alilinyanyua lori kwa jeki mbele ya nyumba, akalishika gurudumu kwa mikono miwili, akalitikisa. Nilikuwa nyuma ya pazia la dirisha, nikaliona linacheza kama jino la mtoto. Kisha wakakaa barazani, nami nyuma ya mlango nikasikia yote. Jabiri alisema kingpini zimekwisha pande zote mbili. Ndivyo vile vyuma vinavyolishika gurudumu la mbele lipate kugeuka. Bushi zinamozungukia nazo zimelika, na bamba moja la springi limekatika. Ndiyo sababu lori lavuta kushoto na tairi laliwa upande mmoja. Vipuri, kazi, na kuyanyoosha magurudumu mwishoni: shilingi mia tano na ishirini, na lori lilale kwake siku nane.

Hamoud akauliza, na kuyanyoosha magurudumu peke yake ni ngapi? Arobaini, akajibiwa. Lakini Jabiri hakumficha. Alimwambia kuyanyoosha juu ya kingpini mbovu ni sawa na kumkanda mtu aliyevunjika mfupa. Yatakaa sawa siku mbili. Ukilipakia mzigo yatarudi yalikokuwa. Na kingpini ikikatika njiani, gurudumu litakwenda zake na wewe utabaki umeshika usukani usio na kazi.

Nadhani umekwisha jua alichochagua mume wangu.

Jana lilipelekwa, likavutiwa uzi kutoka magurudumu ya nyuma hadi ya mbele, likapimwa, likagongwagongwa, kabla ya adhuhuri likarudi. Furaha aliyokuwa nayo! Sasa lakwenda sawasawa, alisema, hata usukani waweza kuuachia mikono. Mie nilitega sikio lilipokuwa likikata kona ya msikiti. Ko, ko, ko. Nikakaa juu ya kinu.

Usidhani fedha hakuwa nazo. Alikuwa nazo. Amenunua turubai jipya, amelipaka lori rangi ya kijani, ameshonesha mapazia ya maua ya kuwasitiri wanawake njiani. Ubaya ni kwamba alitoa neno mbele ya wazee wa Kisiju: dada yake hatapanda gari la kukodi, atampeleka yeye, kwa lori lake. Sasa akiahirisha siku nne anaona watasema Hamoud hana kitu. Nilimsihi, akaniambia, "Mahfudha, watu wa Kisiju watatazama rangi. Nani atainama kutazama kingpini?"

Nikamtolea bangili zangu mbili, zile za Mama, azipeleke kwa sonara atengeneze gari au akodi jingine. Ala! Aliruka kama nimemtukana. "Waseme nakula dhahabu ya mke wangu?" Nikaenda kwa Mama. Naye kasema, mwanangu, usimwaibishe mumeo mbele ya wakwe wa dada yake, twende, Mungu yupo. Mungu yupo, najua. Na kingpini mbovu ipo.

Hebu fikiri, kaka. Wanawake ishirini na wawili, masanduku, kitanda cha bibi harusi, magodoro, magunia matatu ya mchele. Ukishapita Mbagala ni mchanga na vilima, na kuna daraja la magogo lisilo na ukingo. Mama ndiye mkubwa wa msafara, kwa hiyo yeye na Bahiya watakaa mbele kwa dereva, upande wa kushoto, juu ya gurudumu lile lile.

Nimesema mpaka nimechoka. Nimelia, nimenuna, nimejitia homa. Sikio la kufa halisikii dawa. Umebaki wewe tu. Wewe ndiye uliyeniozesha kwake, na neno lako hajapata kulivuka. Ukiisoma barua hii usimalize hata chai, nenda posta umpelekee simu ya maandishi: lori lisiende, wakodi gari jingine. Treni ya kesho ikiichukua, Alhamisi utakuwa nayo mkononi. Usiseme habari nimekupa mie. Sema umeota, ndoto anaziamini. Naogopa, kaka. Walahi naogopa, na sina hata mtu wa kumwambia naogopa.

Hamoud mwenyewe ndiye ataipeleka posta leo. Anadhani ni salamu na habari za harusi.

Nisalimie wifi Thureya, umwambie namwombea afya. Nisalimie ami Gharib na wote wa nyumbani kwake. Mama anakupa salamu na anauliza lini utakuja kula bokoboko lake. Mungu akuhifadhi huko ugenini, akupe riziki isiyo na jasho la machozi.

Ni mie dada yako akupendaye,
Mahfudha

Alhamisi, baada ya magharibi

Kaka, barua hii haijatoka Temeke. Nimeikuta sasa hivi katika mfuko wa koti la Hamoud, nilipokuwa nalipiga pasi kwa ajili ya safari. Nilipomwuliza alijipiga kofi la uso, akasema shughuli za turubai zilimsahaulisha, nimwie radhi. Hakuwa na nia mbaya, masikini. Nampa jirani yetu Auleria. Mumewe, Adelard, ni karani mjini, ataitia posta kesho akienda kazini. Sie tutakuwa tumeondoka tangu alfajiri.

Nimemwomba Mama akae nyuma na wenzake, mie nikae mbele badala yake. Amekataa, kasema mahali pale ni pa heshima yake. Basi nami nitapanda nyuma, karibu na kile kidirisha cha mgongoni kwa dereva, nipate kumwona kichwa.

Simu usilete tena. Hakuna atakayekuwa nyumbani kuipokea.