Shamba Letu Limehamia kwa Shija

Usoke, Jumanne usiku

Na bado ananicheka! Shija, jirani wa bondeni, kaniita mbele za watu: "Bingwa, njoo usalimie shamba lako, limehamia kwangu."

Mvua ilitugomea wiki nzima, halafu jana ikamwagika yote kwa mkupuo. Imezoa udongo mweusi na miche yote ya tumbaku. Kwetu imebaki changarawe.

Nilimwambia baba matuta yakatishe mteremko. Akanijibu, "Uliishia darasa la sita, utanifundisha jembe?" Na miti ya kuzuia maji tulishaimaliza kwa kuni za kukaushia tumbaku.

Leo baba hata ugali hakugusa.

Mimi, ninayelima kuliko trekta, nimemwomba Shija kibarua. Kesho nampigia matuta ya viazi, kwa udongo wetu.