Ubishi Wetu wa Elektroni

Mtani wangu Salumu,

Mmakonde we, umekufa bila kuniaga! Nilikuwa porini Chiwata nachimba ming'oko, vile viazi vya mwituni vya kupoza njaa, habari ikanikuta umeshazikwa siku mbili. Vita vya Majimaji ulivipona, risasi za Wadachi zikakukosa, halafu unaenda kufa kwa kukosa konzi ya unga. Mpaka leo nikilikumbuka hilo nakasirika.

Nakukumbuka zaidi njia ya kupanda Newala. Siku ile ulitoka Lindi kwenye kazi ya kuvuta waya za simu, umekuja na habari mpya. Mzungu wenu wa kazini alikwambia umeme ni vijichembe viitwavyo elektroni, na wataalamu wa kwao wanabishana kama kila kimoja ni punje au ni nukta tupu isiyo na upana. Wewe ukashika nukta, mimi punje.

"Kisicho na upana kitabebaje uzito?" nilikuuliza.

"Na punje ukiipasua, nusu yake utaiitaje?"

Tukabishana mlima mzima. Kina mama waliokuwa wakipandisha maji kutoka bondeni walitupita na mitungi yao wakitucheka. Karibu na kwako ukakiri mwenyewe kuwa nukta ina shida: kadiri unavyoisogelea nguvu yake inazidi, na ukiifikia haina kikomo. Wataalamu wenyewe wamekwama hapo. Nikakuzomea.

Sasa sina hamu ya kuzomea. Mkeo, Mama Somoe, aliniita nije kuondoa matanga, maana kwetu hayaishi mpaka mtani aje amtanie marehemu, watu wacheke. Mara mbili nilipanda, mara mbili nikageuka. Kule Chiwata nilikuwa najikaza vizuri tu, lakini kila nilivyokaribia mlango wako hamu ya kukuona ilizidi. Mtani gani anakuja msibani kulia?

Mara ya tatu niliingia. Nikajilaza kwenye mkeka wako, nikakunja pua kama wewe, nikasema: "Mimi Salumu, mla panya, nimekufa njaa nikitafuta kitu kisicho na upana!"

Watu wakatazamana. Nilidhani nimeharibu. Kisha Mama Somoe akacheka, akacheka hadi machozi, na wenzake wakamfuata. Akainuka, akainjika chungu mwenyewe. Tangu uzikwe majirani ndio walikuwa wanampikia.

Watu walipotawanyika aliniuliza, "Shemeji, ule ubishi wenu alishinda nani?" Nikamjibu, mimi.

Nimemdanganya, Salumu. Nimelifikiria sana neno lako la kuipasua punje, na huenda ni wewe uliyepatia. Lakini sitalikubali mbele ya mtu yeyote, wala mbele ya kaburi lako. Siku nikikubali, sitakuwa na la kukwambia tena.

Pumzika, mla panya. Nakuahidi kila nikipanda Newala nitapita kwako tubishane.

Ni punje, nakwambia.

Mtani wako, Myao wa Chiwata