Mikono ya Daktari Siku Hisa Zilipoanguka

Nyumba ya Kona, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Kiwanda cha Mikate.
Jumapili mchana.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimekuachia. Sisi ni wazima wa mwili. Wa akili sijui. Nikikusimulia utaamua mwenyewe.

Kwanza tulia. Shangazi yu hai, amefanyiwa upasuaji wa mawe ya nyongo na ameshatoka hospitali. Najua ulisikia mengine kwa watu. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ningelia tu mpaka salio liishe.

Unamjua Shangazi. Ndiye aliyetulea sisi wawili kwa cherehani, mwanamke asiyeamini hata benki, anayekagua noti kwenye mwanga mbele ya mwenye duka bila haya. Sasa sikia: mwanamke huyo alinunua hisa.

Ilianza alipoambiwa kwamba atapasuliwa. Hofu ikamwingia. Kinyozi wa hapa chini, katika kumliwaza, akamwonyesha kwenye simu video ya kampuni moja ndogo ya ng'ambo inayotengeneza roboti ya upasuaji. Vimikono vyembamba vya chuma vilikuwa vikichana ganda la zabibu, kisha vikalishona tena. Shangazi akaitazama ile mishono, akashika mdomo. "Mshono huo hata mimi siuwezi," akasema. Kinyozi akamwambia kampuni yenyewe inauza hisa, na kwamba yeye na wateja wake wana kundi kwenye simu na wote wameshanunua.

Alianza na kidogo. Bei ikapanda. Akaongeza, ikapanda tena. Nilipokuja kushtuka alikuwa ameuza cherehani zake zote, na kile chumba cha kushonea amekiachia mtu mwingine. Nilisimama mlangoni nikaona sakafu tupu, alama za miguu ya cherehani bado zipo kwenye saruji, nikakosa pa kushika. Yeye akaniambia kwa utulivu, "Mwanangu, nimeshona vya kutosha. Sasa pesa inishonee mimi."

Sebule yake ikageuka ofisi. Muuza viatu, mwalimu mstaafu, mama wa mboga, wote wanakuja kuuliza: ninunue leo au ningoje? Naye anajibu kama waziri, miwani puani. Shemeji yako alimcheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa akitengeneza friji za watu huku akiiga sauti yake: "Roboti yetu leo imeamkaje?"

Siku ya upasuaji tulifika wodini asubuhi. Shangazi akavaa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, akanikabidhi mkoba na simu yake. Nesi alipokuwa akimpima presha, simu ikaanza kutetemeka ndani ya mkoba na ikakataa kunyamaza. Nikatoka nje ya wodi kupokea. Alikuwa Kinyozi, sauti haimtoki vizuri.

"Imeanguka! Kampuni imenyimwa kibali cha kutumia roboti kwa wagonjwa. Uza! Uza za Shangazi upesi!"

Niuzeje, Kaka? Mimi najua kukanda unga. Nilibonyeza kila kilichobonyezeka. Kiduara kwenye kioo kikazunguka, kikazunguka. Kilipotulia, ile namba aliyokuwa akinionyesha kila siku kwa majigambo ilikuwa imebaki mkia tu. Nikaegemea ukuta.

Nikarudi wodini nikijilazimisha kutabasamu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba hatajua lolote mpaka atoke salama chumba cha upasuaji.

Ndipo akaingia daktari wa kumpasua, kijana mtanashati ambaye siku zote viatu vyake vinang'aa. Siku hiyo uso umemsawijika. Alilishika faili juu chini, na wala hakugundua.

"Daktari, umefiwa?" Shangazi akamuuliza.

"Hapana, mama. Uchovu tu. Tujiandae."

Akaweka simu yake kitandani ili amshike mkono, na mkono wake, Kaka, ulikuwa unatetemeka waziwazi. Lakini Shangazi hakuwa akiutazama mkono. Alikuwa akitazama simu, ambayo bado inawaka. Ule mchoro wa bei ameukodolea macho miezi yote hii; hata gizani angeutambua. Mstari ulikuwa umeporomoka mpaka chini kabisa.

"Hiyo si roboti yetu?" akauliza taratibu.

Daktari akaigeuza simu kifudifudi.

"Hata wewe, baba?"

"Hata mimi, mama. Nyumba nimeiweka rehani."

Nilingoja Shangazi apige ukunga au azimie, maana ndio kwanza alikuwa amejua kwamba na yeye hana kitu. Alifumba macho kidogo. Kisha akajisogeza upande mmoja wa kitanda, akampa daktari nafasi.

"Kaa chini," akamwambia. "Pumua. Mikono hiyo haiingii tumboni mwangu leo."

Daktari akaketi kwenye kitanda cha mgonjwa wake, akalia kama mtoto. Nesi akamwita daktari mkuu, mama mmoja asiye na maneno mengi. Alitutazama sote, akamrudisha yule kijana nyumbani, na kesho yake akampasua Shangazi yeye mwenyewe, kwa mikono yake ya nyama na mifupa. Mambo yakaenda vizuri.

Nilidhani nimemaliza kushangaa. Nilipofika nyumbani siku ile ya kilio nilimkuta mume wangu amekaa sakafuni kando ya friji iliyofunguliwa, bisibisi mkononi, hafanyi kitu. Nikamsimulia ya daktari. Hakucheka. Nikamtazama, akatazama bisibisi.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Nilitaka nikufanyie sapraizi," akasema.

Amenifanyia kweli. Ni nauli zetu za kuja kwenu mwisho wa mwaka, Kaka. Zote. Kwa hiyo msitutayarishie chumba, hatuji. Nimeiandika sentensi hiyo na bado siiamini.

Sikumpigia kelele. Shangazi alipotoka hospitali nikaenda kumlilia. Akasikiliza, halafu akaanza kucheka huku amejibana tumbo. "Usinichekeshe, nyuzi zitaniachia! Mlete hapa." Nikafurahi, nikajua leo atapewa maneno yake. Nikampeleka, nikaingia jikoni kuchemsha chai. Niliporudi na sinia, niliwakuta vichwa vimegusana juu ya simu moja.

"Imepanda kidogo," Shangazi alikuwa akisema bila kuinua uso.

"Kinyozi anasema wataomba kibali upya," mume wangu akajibu.

Nusura niangushe vikombe.

Kaka, Shangazi anakusikiliza wewe tu. Mpigie. Usimkaripie, bado ana kidonda. Mwombe tu akuahidi kwa kinywa chake kwamba haongezi hata senti. Na akikuomba pesa ya dawa, tafadhali nipigie mimi kwanza. Dawa zote nimeshamnunulia.

Nisalimie wifi sana, na watoto, hasa yule mtundu wa mwisho. Kinyozi naye anakusalimu, ingawa siku hizi akiniona anahama upande wa barabara. Mungu awafunike kwa mema huko mliko, na akupe maneno matamu ya kumwambia yule mama yetu.

Ni mimi nikupendaye na kukukumbuka kila siku,

Mdogo wako.